Baiskeli nyepesi ya gia moja kwa vipuri vya mtumba: nilivyounda yangu hapa Dar

Mkuu, umeuliza kama kwa laki tatu unaweza kupata baiskeli nyepesi ya barabarani, ya gia moja, ya kutoka Tabata mpaka Posta na kurudi kila siku, na kama ni bora kukusanya vipuri kimoja kimoja. Kwa laki tatu inawezekana. Kukusanya kimoja kimoja, nakuomba usifanye.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Fremu nikaitoa kwa jamaa mmoja Ilala, krenki (mikono ya pedali na meno yake ya mbele) kwa fundi mwingine, magurudumu Kariakoo. Kila kipande kilikuwa kizuri peke yake na hakuna kilichokubali kukaa na mwenzake. Nguzo ya siti ilikuwa nene kuliko tundu lake kwenye fremu kwa chini ya nusu milimita, ikagoma kabisa. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya baiskeli ya milimani, upana milimita 135, na fremu ile ilikuwa na nafasi ya 126. Hela ikaisha na baiskeli haijasimama.

Mara ya pili nilinunua baiskeli nzima, ya mtumba kutoka Japani, yenye gia 12, kwa 220,000. Ilikuwa na vumbi, tairi zimekauka, kibadilisha gia cha nyuma kimepinda. Muuzaji aliona hasara, mimi nikaona fremu, uma, krenki, breki na magurudumu ambayo tayari yanaelewana. Vitu vya gia nilivyovitoa, pamoja na keria, niliviuza kwa 45,000, na hizo ndizo zilizonunua cheni, friwili (meno ya nyuma yanayozunguka huru usipokanyaga) na waya mpya za breki.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua hiyo baiskeli ya kuivua nguo. Angalia kwanza pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu. Unataka mpasuko uliolala, unaokuruhusu kusogeza gurudumu mbele na nyuma, maana kwenye gia moja hakuna kitu kingine cha kukaza cheni. Fremu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziko hivyo. Za kisasa mpasuko umesimama, gurudumu linakaa sehemu moja tu, na utalazimika kufunga kikaza cheni, kitu ambacho binafsi sikipendi kwa sababu kinarudisha uzito na kelele ulizokuwa unazikimbia.

Halafu soma stika kwenye bomba la siti, lile bomba la fremu linaloingiza nguzo ya siti. Ukiona Reynolds 531, au Tange, au neno lolote linalotaja kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu), tulia hapo hapo. Chuma cha namna hiyo kina nguvu, ndiyo maana mabomba yake hutengenezwa membamba, na fremu inakuwa nyepesi bila kuwa dhaifu. Gonga kwa kucha: bomba jembamba linalia kama kengele ndogo, la chuma cha kawaida linajibu kwa sauti nzito. Sio kipimo cha maabara, lakini baada ya kugonga fremu ishirini sikio linazoea.

Kagua ajali. Pitisha kidole chini ya bomba mbili za mbele, karibu kabisa na zinapoungana na shingo, lile bomba fupi la mbele linalopitisha usukani. Rangi ikiwa imekunjamana au ukihisi tuta dogo, hiyo baiskeli iligonga kitu, iache. Kisha beba uzi. Funga ncha kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, uzungushe mbele kwenye shingo, urudishe nyuma upande wa kulia, uvute ukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la siti pande zote mbili. Tofauti ya milimita moja au mbili sina neno nayo. Baiskeli niliyokuwa nayo kabla ya hizi mbili ilikuwa na tofauti ya sita, ndiyo maana ilikuwa inanivuta upande mmoja na mimi nikawa nalaumu tairi.

Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Nguzo ya siti ya aluminiamu ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, vinashikana kama vimechomelewa. Kabla hujalipa, legeza nati zake, zungusha siti, zungusha na nguzo ya usukani ndani ya shingo. Visipozunguka, punguza bei sana au ondoka.

Sasa kuvua. Vikombe vya krenki, vile vinavyoshika ekseli yake ndani ya fremu, ndiyo sehemu wengi wanaharibu fremu. Kwenye baiskeli nyingi za Japani na Uingereza, kikombe cha upande wa cheni kina nyuzi (mikato ya skrubu) za kinyume: unakifungua kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Fundi niliyempa ile fremu ya kwanza alikizungusha kama nati ya kawaida, kilipogoma akaleta patasi na nyundo. Nyuzi zikaliwa. Niliumia, fremu nzuri ile. Safari hii nilikaa na fundi mwenyewe mpaka mwisho.

Friwili ya gia sita ikishatoka, weka ya gia moja. Inaingia kwenye nyuzi zile zile, lakini meno yake hayatakaa kwenye mstari mmoja na sproketi ya mbele. Hapo usiruke hatua. Pima kutoka katikati ya bomba la siti hadi katikati ya meno ya mbele. Kwangu ilikuwa milimita 42. Nyuma, chukua nusu ya nafasi ya fremu (hii nayo ni 126), yaani 63, utoe umbali kutoka uso wa nati ya ekseli hadi katikati ya meno. Nilipata 36. Nikajiambia milimita sita ni kitu gani, nikatoka nayo. Cheni ilichomoka mbele ya magari kwenye taa, Barabara ya Nyerere, mguu ukashuka na pedali bila kitu na kifua kikatua kwenye usukani. Usiku ule ule niliifungua.

Dawa yake ni kuhamisha washa za ekseli kutoka kulia kwenda kushoto, ili habu isogee upande wa cheni. Ringi nayo itasogea, kwa hiyo unalegeza spoku za kulia na kukaza za kushoto, robo duru kila moja, ukizunguka pole pole mpaka ringi irudi katikati ya fremu. Faida yake ni kwamba spoku za pande mbili zinakaribia kuwa na mkazo mmoja, na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Meno: nilianza na 46 mbele na 16 nyuma. Asubuhi raha, jioni ukikutana na kusi la mwezi wa saba magoti yanalia. Sasa natumia 42 kwa 16. Kwa tairi ya 700 kwa 25, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 5.5, na miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika unapata kilomita 26 na ushee kwa saa. Kwa Tabata na Posta inatosha kabisa. Cheni nene, ya upana wa moja ya nane ya inchi, inakaa hata kwenye meno membamba, ila cheni nyembamba haikubali meno manene.

Uzito niliupima kwa mzani wa ndoano wa mizigo. Siku ya kununua kilo 12.1, baada ya kazi kilo 9.4, na sikununua kitu chochote cha bei. Keria, stendi, madigadi, vibadilisha gia na waya zake, sproketi ndogo ya mbele, na tairi nyepesi. Ukipata baiskeli yenye ringi za chuma, badilisha hizo kabla ya kitu kingine chochote, kwa uzito na pia kwa sababu breki zake hazishiki mvua ikinyesha. Breki usipunguze. Ziache zote mbili.

Cheni ikaze kiasi kwamba ukiibonyeza katikati ipande na kushuka kama sentimita moja. Zungusha krenki taratibu utafute mahali inapobana zaidi, upime hapo. Kaza nati za ekseli, na baada ya siku tatu za kwanza zikaze tena.

Ukipata unayoitaka, piga picha ya nafasi za ekseli ya nyuma, ya shingo kwa chini, na ya stika, uziweke hapa kabla hujatoa hela. Nitaziangalia.