Kinywaji cha soma na uyoga

Wengine huuliza kama soma, kinywaji cha ibada cha Wahindi wa kale, kilitokana na uyoga mwekundu wenye madoa meupe, na kama Waselti, watu wa kale wa Ulaya, nao walikuwa na kileo cha namna hiyo. Kuhusu soma, hapana, haijathibitishwa. Hiyo ni nadharia ya R. Gordon Wasson, mtafiti wa uyoga wa Marekani, ya mwaka 1968. Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo takatifu za kale za Kihindi, hasa kitabu cha 9, inaeleza mmea unaopondwa kwa mawe, majimaji yake yakachujwa kwa sufu ya kondoo na kuchanganywa na maziwa. Mimi naona efedra, kichaka chenye kuchangamsha mwili, ina hoja nzito zaidi, maana Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, huitumia katika ibada yao ya haoma, jina lenye asili moja na soma. Kwa Waselti ushahidi ni hafifu mno: Pliny, mwandishi wa Kirumi, anataja makuhani wao kukata mmea unaoota juu ya mwaloni kwa mundu wa dhahabu, wakiamini unatibu utasa wa mifugo na kuzuia sumu. Kulewa hakutaji.