Maswali na Majibu: Kumpata Msomaji Anayerudi

Barua zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zimetoka kwa watu wanaoandika mtandaoni mambo yaliyo mbalimbali kabisa, tangu utunzaji wa mimea hadi hadithi za kubuni, lakini karibu wote wana shida moja: wanafunguliwa na wengi, wanafuatwa na wachache. Tumechagua barua sita na kuzifupisha ilipobidi. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa majibu ya zinazofuata yanaitegemea.

Swali: Mhariri, ninaandika makala za utunzaji wa mimea ya ndani. Takwimu zinaonyesha kwamba watu wengi huzifikia kupitia injini za utafutaji, lakini karibu hakuna anayerudi mara ya pili, ingawa wachache walioniandikia wamezisifu. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu mwandishi, kwanza tutenganishe watu wawili ambao takwimu huwahesabu kama mmoja: aliyefungua ukurasa wako, na msomaji wako. Mtu anayeuliza injini ya utafutaji kwa nini majani ya mmea wake yamegeuka manjano hakutafuti wewe. Anatafuta jibu, na akishalipata ana haki ya kwenda zake bila hata kutazama jina la aliyeliandika. Makala yako imefanya kazi yake vizuri. Ambalo halikufanyika ni kumwonyesha kwamba nyuma ya jibu lile yupo mtu mwenye jicho lake mwenyewe la kutazama mimea, ambaye juma lijalo atakuwa na jambo jingine linalomhusu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na waandishi wengi wameifanya methali hiyo kuwa sababu ya kuchapisha kisha kungoja. Tunaamini kwamba kungoja huko ndiko kunakowakosesha wasomaji. Makala njema inaweza kweli kujiuza mara moja kwa mtu aliyekuwa akiihitaji siku hiyo, lakini haiwezi yenyewe kumwambia arudi, arudi lini, wala arudi kwa ajili ya nini. Hayo ni ya mwandishi kuyapanga.

Anza kwa kuamua unamwandikia nani, na usitosheke na jibu pana kama "wapenzi wa mimea". Mfikirie mtu mmoja: anakaa katika chumba chenye mwanga hafifu, mimea kadhaa imemfia mikononi, na sasa anaogopa kununua mwingine. Ukimwandikia huyo, utaona jinsi uteuzi wako wa maneno, mifano na hata urefu wa makala unavyobadilika. Huna haja ya kumweleza raha ya kuwa na mimea, kwa kuwa anaijua. Unahitaji kumweleza kwa nini ule wa mwisho ulikufa na ni upi unaoweza kuvumilia kusahauliwa. Mtu mwenye bustani kubwa ataisoma makala hiyo na kuondoka, na umwache aondoke. Yule uliyemkusudia, akikutana na makala ya pili na ya tatu zinazomsema yeye, ataanza kukutafuta kwa jina.

La pili ni hukumu yako. Maelezo ya kumwagilia maji yamejaa kila mahali na hayatakutofautisha na mwingine yeyote, lakini maoni yako hayapatikani popote isipokuwa kwako. Sema ni ushauri upi unaoenea sana ambao wewe huukubali, na kwa sababu gani. Sema ulijaribu nini, ukaona nini, na mmea upi ungemshauri mtu auache dukani. Mwandishi anayeogopa kusema lolote linaloweza kupingwa hutoa makala zisizo na kasoro ambazo hakuna anayezikumbuka, nasi tumezisoma nyingi mno za namna hiyo katika barua tulizopelekewa mwaka huu.

La tatu ni njia ya kurudi yenyewe. Mwishoni mwa kila makala, badala ya orodha ndefu ya viungo vya kubonyeza kufikia makala nyingine, weka viwili tu: kimoja kwa anayehitaji hatua iliyotangulia, kingine kwa aliye tayari kwa inayofuata. Kisha andika sentensi moja inayotaja utakaloandika baadaye na siku litakapotoka, na siku hiyo ikifika, litoke. Uaminifu wa msomaji huanzia hapo: aliambiwa jambo, akaja, akalikuta.

Na uache kupima kazi yako kwa jumla ya waliofungua. Tazama ni wangapi waliorudi ndani ya mwezi, wangapi waliofika moja kwa moja bila kupitia injini ya utafutaji, na wangapi wanaokuandikia wakitaja jambo ulilolisema zamani. Namba hizo zitakuwa ndogo sana mwanzoni. Ndizo unazopaswa kuzikuza.

Swali: Je, ni lazima niandike kila siku ili nisisahauliwe?

Jibu: Hapana. Kinachojenga mazoea ni kujulikana kwa siku yako, si wingi wa siku. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson alitoa jarida lake la insha, The Rambler, kila Jumanne na Jumamosi kuanzia Machi 1750 hadi Machi 1752, jumla ya matoleo 208, karibu yote akiyaandika mwenyewe, na msomaji wa London alijua siku ya kulitazamia. Chagua mwendo unaoweza kuudumisha hata katika juma lako baya zaidi, si lile bora zaidi. Kama ni makala moja kila majuma mawili, iwe hivyo, na uwe na mbili zilizokamilika akibani kwa ajili ya siku za ugonjwa na safari.

Swali: Nina maelfu ya wafuasi katika mtandao mmoja wa kijamii, na huko ndiko ninakoandika kila kitu. Miezi ya karibuni maandishi yangu yanawafikia wachache sana ingawa sijabadilisha chochote. Nihamie mtandao mwingine?

Jibu: Ukihamia mtandao mwingine utakuwa umelihamisha tatizo pamoja nawe. Wafuasi hao hawako mikononi mwako. Wako mikononi mwa kampuni inayoumiliki mtandao, nayo ndiyo huamua nani aonyeshwe nini, na inaweza kubadili uamuzi huo bila kukuuliza. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza maandishi ya jamaa na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, na waliokuwa wametegemea kurasa hizo peke yake wakalazimika kuanza upya. Kabla ya hapo, Julai 2013, Google ilifunga Google Reader, programu ambayo watu waliitumia kufuatilia tovuti wanazozipenda mahali pamoja. Na mwaka 2009 Yahoo ilifunga huduma ya GeoCities ikiwa na mamilioni ya kurasa ambazo watu wa kawaida walikuwa wamezijenga kwa mikono yao. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea kwa sababu waandishi walikuwa wameandika vibaya.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba uwe na mahali pako: tovuti yenye anwani uliyoisajili kwa jina lako, na orodha ya anwani za barua pepe za wasomaji waliokuomba uwaandikie. Barua pepe ilianza mwaka 1971, ina umri mkubwa kuliko tovuti zote, na imedumu kwa sababu haimilikiwi na kampuni moja. Huduma unayoitumia kutuma barua zako ikikuchosha au ikifungwa, unaichukua orodha yako na kwenda kwingine, na msomaji huenda asijue kwamba umehama.

Mtandao wa kijamii usiuache. Uutumie kama mahali pa kukutana na wasiokujua, kisha uwaalike. Mwaliko usiwe kitufe kilichofichwa pembeni chenye neno "jiandikishe". Waeleze watapokea nini, mara ngapi, na watajitoaje wakichoka. Usimwingize mtu yeyote bila ridhaa yake, hata kama anwani yake unayo, kwa maana aliyeingizwa kwa nguvu hatakuwa msomaji wako kamwe, na katika nchi nyingi jambo hilo linakatazwa na sheria. Na tafadhali, hifadhi nakala ya kila ulichokiandika nje ya mtandao huo kuanzia leo.

Swali: Ninatuma barua kwa wasomaji wangu kila mwezi. Huduma ninayoitumia inasema kwamba zaidi ya nusu huzifungua, lakini hakuna anayejibu. Je, wananisoma kweli?

Jibu: Kuhusu hesabu ya waliofungua, usiiamini sana. Huduma hizo huweka ndani ya barua picha ndogo isiyoonekana, na picha hiyo ikipakuliwa, barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha hizo mapema, mwenyewe afungue barua au asifungue, kwa lengo la kulinda faragha yake. Sehemu ya nusu hiyo, basi, inaweza kuwa kazi ya mashine. Anayebonyeza kiungo kilicho ndani ya barua ni ushahidi bora kidogo, na anayekujibu ni bora kuliko wote.

Lakini ukimya nao usikuvunje moyo. Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen alieleza kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takribani asilimia 90 ya watu husoma tu bila kuchangia, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndiyo hutoa sehemu kubwa ya michango yote. Msomaji anayenyamaza ni msomaji wa kawaida, na wengine hunyamaza kwa miaka huku wakisoma kila neno.

Unachoweza kufanya ni kuwarahisishia kujibu. Swali la "mnaonaje?" halijibiki, kwa kuwa linamtwisha msomaji kazi ya kutafuta la kusema. Uliza jambo dogo ambalo ni yeye tu anayelijua, kama vile alikwama wapi alipojaribu ulichoeleza mwezi uliopita. Atakayejibu, mjibu mwenyewe kwa jina lake, si kwa ujumbe uliotayarishwa. Na swali lake likizaa makala, sema hadharani kwamba limetoka kwa msomaji, bila kumtaja kama hajaruhusu. Wengine wataona kwamba barua zinasomwa, nao wataandika.

Swali: Ninaandika hadithi na kuzitoa sura kwa sura bila malipo. Rafiki zangu wanasema ninajinyonya, na kwamba nianze kutoza. Mnashaurije?

Jibu: Inategemea kama tayari unao watu watakaosikitika usipotoa sura inayofuata. Mwandishi Andy Weir wa Marekani alianza mwaka 2009 kuitoa riwaya yake ya mwanaanga aliyeachwa katika sayari ya Mirihi, sura kwa sura, bure, katika tovuti yake. Wasomaji walimsahihisha makosa ya kisayansi, kisha wakamwomba nakala inayosomeka kwa urahisi kwenye vifaa vyao, naye akaiweka katika duka la Amazon kwa senti 99 za dola, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Mwaka 2014 ilichapishwa na shirika kubwa la vitabu, na mwaka uliofuata ikatolewa filamu. Tafadhali usichukue mafanikio hayo kuwa kipimo chako. Ni ya nadra. Chukua mpangilio wake: ombi la kununua lilitoka kwa wasomaji waliokuwa wamekwisha kuipenda kazi.

Kuhusu idadi, mwandishi Kevin Kelly wa Marekani aliandika mwaka 2008 kwamba msanii anayewapata wapenzi 1,000 wa kweli, kila mmoja akimlipa dola 100 kwa mwaka, atapata dola 100,000, na hivyo hahitaji kuwa maarufu ili aishi kwa kazi yake. Hesabu ni sahihi, ila tunaona kwamba wengi wanaoinukuu husahau masharti yake mawili: fedha hizo zifike moja kwa moja kwa msanii, na kila mwaka awe na kitu cha kutosha cha kuwauzia. Mwandishi wa hadithi moja ndefu ni vigumu kuyatimiza yote mawili. Tungekushauri uziache sura wazi, ukauze nakala nzima iliyohaririwa vizuri kwa wanaotaka kuimiliki. Sura ulizokwisha kuzitoa bure usizifunge, kwa maana anayenyang'anywa alichopewa huumia kuliko ambaye hakupewa.

Swali: Nimeandika juu ya somo moja kwa miaka mingi na limenichosha. Nikibadilisha, si nitawapoteza wote?

Jibu: Utawapoteza baadhi, na hilo inakupasa ulikubali kabla hujaanza. Waliokuja kwa ajili ya somo wataondoka. Waliokuja kwa ajili ya namna yako ya kufikiri watakufuata, ilimradi usiwashtukize. Waandikie waziwazi: somo gani unaliacha, lipi unaliendea, kwa nini, na makala za zamani zitaendelea kupatikana wapi. Ikiwezekana, kwa miezi michache andika makala zinazogusa yote mawili, ili msomaji aone njia uliyoipita. Na kiungo cha kujitoa kiweke juu kabisa mwa barua hiyo, mahali pasipohitaji kutafutwa. Itume kabla ya makala ya kwanza ya somo jipya, wala si baada ya watu kuanza kuuliza kulikoni.