Safari za Kigamboni zimezidi, niweke K?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Natengeneza modeli ya mvuto ya Dar es Salaam (ya kukadiria safari kati ya kanda na kanda), kanda 60, beta 0.03 kwa dakika (kasi ya mvuto kupungua muda wa safari ukiongezeka). Jumla za safari zinazotoka na kuingia kila kanda zimekubali, ila safari za Kigamboni kwenda Posta zinatoka karibu mara tatu ya zile za dodoso la kaya. Mwenzangu anasema nizidishe kwa K (kizidishi cha kurekebisha jozi moja ya kanda) ya 0.35 niendelee na kazi. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Si sawa, na mwambie nimekataa.

Kwanza hilo la jumla kukubali, maana naletewa kila mara kama cheti. Umesawazisha safu mlalo na safu wima za matriki, yaani jedwali la safari kutoka kanda hadi kanda, mpaka zikakubali. Zingekubali hata kama ungeijaza kwa kurusha dadu.

Fungua jedwali la muda wa safari. Nina hakika umepima kwa rula: kilomita tatu na ushee, dakika 10. Pale katikati pana bahari, ndugu yangu! Abiria anashuka kwenye bajaji, anakata tiketi, anabanana getini akisubiri pantoni, anavuka, kisha anatembea kutoka Magogoni. Tuseme dakika 45. Tofauti ya dakika 35 kwa beta yako inapunguza mvuto mara 2.86. Mara tatu yako ndiyo hiyo; ukisawazisha itasogea kidogo. Nenda kapime mwenyewe asubuhi, saa moja.

Sasa fikiria K hiyo ingewekwa kabla ya 2016, daraja la Kurasini halijafunguliwa. Daraja linafunguliwa, muda wa rula haupungui hata dakika moja, K iko palepale. Modeli ingesema daraja halikubadili kitu. Na tozo ya magari darajani ungeiweka wapi?

Hawa wa njia za mkato wamenichosha. Kanda 60 ni visanduku 3,600. Mruhusu mtu aweke K katika kila kimoja, atalinganisha modeli na dodoso lolote, kisha atakuchorea grafu iliyonyooka. Mimi huomba vitu viwili: mgawanyo wa safari kwa muda, modeli na dodoso pamoja (wastani peke yake hautoshi, huficha mengi), na orodha ya K zote, kila moja na sababu yake. Kanda ya bandari inaweza kuwa na sababu, kwa kuwa ajira zake si za kila mtu. “Ili ilingane” si sababu, na ripoti ya namna hiyo huirudisha bila kusoma ukurasa wa pili.