Maswali na Majibu: Kupanga Mizigo kwa Safari ya Kwanza ya Ndege

Tiketi yangu imeandikwa 23K, ya mwenzangu 1PC. Nani kapewa nafasi kubwa?

23K ni uzito: una kilo 23 za mzigo wa kukabidhi kaunta, na kwa kawaida unaweza kuzigawa kwenye mabegi mawili. 1PC ni idadi: begi moja tu. Uzito wake umeandikwa kwenye masharti ya tiketi, na kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo hizohizo 23. Hapo ndipo wageni wanaponaswa. Mwenye 1PC akija na mabegi mawili ya kilo 10 kila moja, la pili analilipia ingawa jumla haijafika 23. Ukiona 0PC au NIL, hujapewa begi la kukabidhi kabisa. Linunue mtandaoni mapema, maana kaunta bei huwa ya juu zaidi.

Pima nyumbani. Panda mizani ukiwa umelibeba begi, kisha panda bila begi, utoe. Acha kilo moja ya tahadhari, kwa kuwa mizani hazilingani. Begi moja likizidi kilo 32 mashirika mengi hayalipokei hata ukilipa, kwani wapakiaji hulinyanyua kwa mikono.

Losheni yangu iko kwenye chupa ya mililita 200 lakini imebaki robo. Itapita kwenye begi la mkononi?

Haitapita. Pale ambapo sheria ya mililita 100 inatumika, na ni viwanja vingi, kinachohesabika ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Hamishia losheni kwenye kichupa cha mililita 100 au pungufu. Vichupa vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita moja, na ufungike bila kutuna. Dawa ya meno, asali, siagi ya karanga, jeli ya nywele na mafuta ya mgando vyote ni vimiminika machoni pa mkaguzi. Dawa za hospitali na maziwa ya mtoto huruhusiwa kuzidi kiasi hicho, ila uvitoe na kuvitaja mwenyewe kabla ya ukaguzi.

Chupa kubwa weka kwenye begi la kukabidhi. Angani shinikizo la hewa hupungua, hewa iliyo ndani ya chupa hutanuka na kusukuma kimiminika nje kupitia kifuniko. Kwa hiyo chupa iliyobaki nusu huvuja kuliko iliyojaa. Ya plastiki laini iminye kidogo hewa itoke, funga, kisha itie kwenye mfuko wake peke yake.

Pawabenki iende begi gani?

La mkononi, daima. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujichemsha yenyewe mpaka kuwaka. Ndani ya chumba cha abiria wahudumu wataona moshi na kushughulika. Kwenye sehemu ya mizigo hakuna wa kuuona mapema. Begi lililokabidhiwa likionekana lina pawabenki, linaweza kufunguliwa au kuachwa nyuma.

Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 (huandikwa Wh, kipimo cha nishati inayobebwa na betri). Kama yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni saa-wati 74, iko salama. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na juu ya hapo haipandi. Isiyo na maandishi yanayosomeka inaweza kuchukuliwa, basi iache nyumbani.

Nini hasa kikae begi la mkononi?

Chochote ambacho kukikosa kwa siku mbili kutakukwamisha: pasipoti, fedha, dawa kwenye pakiti zake, miwani, kompyuta, funguo, chaja na nguo za kubadilisha mara moja. Uzito unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 7, na begi tupu lenye magurudumu huweza kula karibu nusu yake. Begi la mgongoni lina faida hapo.

Jambo moja husahaulika. Ndege ikijaa, begi lako la mkononi huweza kuchukuliwa mlangoni lipelekwe kwenye mizigo. Panga pawabenki, dawa na nyaraka kwenye kipochi kimoja unachoweza kukichomoa mara moja.

Begi la kukabidhi nilifunge kwa kufuli?

Funga, lakini usilitegemee. Zipu hufunguka hata kwa ncha ya kalamu, na wakaguzi wakitaka kuona ndani hukata kufuli. Dhahabu na fedha hazikai humo, hata kwa kufuli tatu.

Begi lisipotokea kwenye mkanda?

Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo na kile kipande cha lebo ulichobandikiwa kwenye pasi ya kupandia, ujaziwe ripoti na upewe namba yake. Picha ya begi iliyopigwa kabla ya safari itakusaidia sana, hasa kama ni jeusi kama mengine yote. Lebo za safari za zamani zing'oe mapema, la sivyo mashine inaweza kusoma namba isiyo yako.

Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Tunza risiti za mswaki na nguo ulizolazimika kununua. Bila hizo dai lako la fidia huwa gumu.