Rushwa ya Kwao, Takrima ya Kwetu: Kwa Wewe Unayemfuata Mtia Nia

Nimewahi kuwa mjumbe, nimewahi kuwa wakala, nimekaa pia meza ya kuhesabu kura. Chama sikitaji, maana haya ninayoyaeleza yapo kila chama hapa Tanzania, na nisingependa msomaji wa chama kingine apumue akidhani hayamhusu. Wakati wa kura za maoni, pale wajumbe wa chama wanapopendekeza mgombea, kila mtu huwalaumu watia nia, yaani wanaoomba uteuzi. Mimi naona shida kubwa iko kwetu wapambe. Mtu mzima mwenye heshima zake mtaani, kwa wiki chache anakuwa na vipimo viwili: kimoja cha mtu wetu, kingine cha mtu wao.

Chukua usafiri wa wajumbe. Kata za pembezoni ziko mbali na ukumbi, wajumbe wengine ni wazee, na barabara zetu mnazijua. Kambi niliyokuwamo ilipokodi Hiace kuwafuata, tulisema tunawahurumia wazee wetu. Kambi ya pili ilipokodi Coaster, jioni hiyohiyo kundi letu la WhatsApp lilijaa picha za namba za gari na malalamiko kwamba wajumbe wanasombwa. Barabara ni ileile na wajumbe ni walewale. Kwenye soda, chakula na "nauli ya kurudia" ndiyo usiseme.

Jambo hili lina historia kwenye sheria zetu. Mwaka 2000 Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Uchaguzi vifungu vilivyoruhusu mgombea kuwakirimu watu, tukaviita takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili walikwenda Mahakama Kuu kuvipinga, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta, ikiona kwamba vinambagua mgombea asiye na fedha na kwamba ukarimu wa namna hiyo hautofautiki na rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa hadi mchakato wa uteuzi ndani ya chama. Kwa hiyo anayekwambia bahasha ya kambi yenu ni ukarimu tu, mkumbushe kuwa hoja hiyo ilishapelekwa mahakamani ikashindwa. Nakuomba umkumbushe hata kama ni mwenyekiti wako wa tawi, kwa adabu zote, "shikamoo" ikitangulia.

Ushauri wangu wa kwanza ni mwepisi kuuelewa na mgumu kuutenda. Kabla hujatuma lalamiko lolote kwenye kundi, liandike kwanza, halafu futa jina la mtia nia wao uweke la wenu. Lisome tena. Kama bado unaliona kosa, litume, tena ulipeleke kwa katibu kwa maandishi. Kama ghafla umeanza kutafuta sababu za kulitetea, basi huna lalamiko, una ushabiki.

Lakini mahali ambapo vipimo viwili vinatutafuna zaidi ni baada ya matokeo. Mnajua utaratibu wa vyama vyetu vingi: wajumbe wanapiga kura za maoni, kisha vikao vya juu ndivyo vinavyoteua. Kura zinapendekeza, vikao vinaamua. Kila mtu anaujua utaratibu huo siku anapochukua fomu. Ajabu ni kwamba matokeo yakishatoka, anayeuheshimu ni yule tu ambaye unamfaa. Mtu wetu akiongoza, tunapaza sauti kwamba wajumbe wamesema na vikao visithubutu kugusa jina. Akishika nafasi ya tatu, tunageuka kuwa walimu wa katiba ya chama: kura za maoni si uteuzi, vikao vina taarifa ambazo wajumbe hawana, tuwe na subira.

Mwaka 2020 CCM ilirudisha kazi hiyo kwa wajumbe wa mikutano ya majimbo, kura zikahesabiwa hadharani, na walioshindwa wakatuachia ule msemo uliozunguka nchi nzima kwamba wajumbe si watu. Mwezi mmoja baadaye vikao vya juu vilipotangaza majina, baadhi ya walioongoza walikatwa na wengine waliokuwa nyuma wakapitishwa. Jimbo la Kawe ni mfano unaofahamika: Josephat Gwajima hakuongoza kura za maoni, akateuliwa, na akawa mbunge. Sikuhukumu kama uliona uteuzi ule ulikuwa sahihi. Nakuuliza tu kama ungesema vilevile iwapo aliyekatwa ndiye angekuwa mtu wako.

Ndiyo maana nasisitiza: msimamo wako juu ya vikao utangaze kabla ya kura, mbele za watu, wakati hujui nani atafaidika. Sema, "Mimi naamini aliyeongoza apite," au sema, "Mimi nitakubali uamuzi wa vikao." Ukishasema, umejifunga, na huko kujifunga ndiko kutakakokusaidia siku moyo unapochemka. Nimeshuhudia wapambe wa kambi mbili wakikubaliana hivyo mbele ya katibu, na uchaguzi ule ulikuwa na maneno machache kuliko yote niliyowahi kusimamia.

Kwa ukubwa wa nchi, somo lilikuwa 2015. CHADEMA walimtaja Edward Lowassa, waziri mkuu wa wakati huo kutoka CCM, kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga mwaka 2007. Julai 2015 Kamati Kuu ya CCM, Dodoma, ikaliacha jina lake nje ya tano bora za urais, na kabla mwezi haujaisha akawa CHADEMA. Mitaani kwetu watu walibadilishana mistari usiku mmoja. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kudai ushahidi upelekwe mahakamani, na waliokuwa wakidai ushahidi wakaanza kumwita fisadi. Dkt. Willibrod Slaa, aliyeisoma orodha ile, alijitenga na chama chake. Unaweza kutokubaliana naye kwa mengi, ila katika hilo kipimo chake hakikubadilika, na nilimheshimu. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, na mistari ikabadilishwa tena.

Vyama vya upinzani navyo visijitoe hapa. Januari 2025 Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482 kugombea uenyekiti wa CHADEMA. Wiki za kabla ya hapo niliwasikia watu ambao miaka yote wanahubiri ukomo wa madaraka wakieleza kwa nini uongozi wa tangu 2004 haupaswi kuguswa. Niliwasikia na wa upande wa pili, wanaopigania uhuru wa maoni, wakimwita kila aliyemuunga mkono Mbowe kuwa amenunuliwa. Mkuki kwa nguruwe. Mbowe alikubali matokeo mapema. Baadhi ya wapambe walichukua muda mrefu kuliko yeye.

Kuna jingine linaniuma kuliko fedha. Mwanamke akitia nia, kambi pinzani huuliza ana mume gani, watoto kawaachia nani, jina hilo kalipata kwa nani. Kambi yake hukasirika, na ina haki. Kisha kambi hiyohiyo, ikikutana na mwanamke upande wa pili, inauliza maswali yaleyale neno kwa neno. Dada zangu wapambe, nanyi mnashiriki. Mkisikia swali hilo likiulizwa kwa mpinzani wenu, likateni palepale, msisubiri lifike kwa mtu wenu.

Vivyo hivyo kwa mgeni na mzawa. Anayeishi Dar es Salaam na kurudi jimboni miezi miwili kabla ya fomu, akiwa wetu ni mtoto wa nyumbani aliyefanikiwa, akiwa wao ni mtalii. Chagueni jibu moja mkae nalo.

Mwisho, mambo ya siku yenyewe. Rejesta ya wajumbe ikaguliwe na mawakala wa pande zote kabla ya siku ya kura, na mkikuta jina lisilostahili upande wenu, litoeni wenyewe. Wakala wenu asiondoke bila nakala ya matokeo iliyosainiwa, na wakala wa aliyeshindwa apewe yake bila kuzungushwa. Akitaka kukata rufaa, muonyesheni utaratibu na muda uliobaki, kama ambavyo mngetaka muonyeshwe. Wiki chache zijazo mtu huyo na wapambe wake watakuwa na ninyi kwenye gari moja la kampeni, na watakuwa wanakumbuka mlichowafanyia pale mezani.