Wasomaji Wanauliza: Moto wa Nyumba za Kale za Ireland

SWALI: Nasikia wakulima wa Ireland zamani walikuwa na moto usiozimika usiku kucha. Uliwezekanaje?

JIBU: Siri ni mboji. Misitu ilikuwa haba, hivyo watu walichoma mabaki ya mimea yaliyoozea kwenye maeneo ya kinamasi. Waliyakata majira ya kuchipua kwa koleo jembamba lenye ubawa pembeni, linalotoa kipande mfano wa tofali kwa mkato mmoja. Kipande kibichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Kilianikwa chini siku kadhaa, kisha vitano au sita vikasimamishwa kwa kuegemezana, upepo upite katikati. Mvua ilichelewesha tu kazi. Jalidi ndiyo iliyoharibu, maana mboji mbichi ikigandishwa humomonyoka.

Usiku, makaa yalikusanywa pamoja na kufukiwa kwa majivu. Majivu machache, makaa yanaungua yakaisha kabla ya alfajiri. Yakizidi na kushindiliwa, makaa yanakosa hewa. Asubuhi mtu alifukua, akasimamisha vipande vikavu kuzunguka makaa, akapuliza. Mboji haihitaji chanja, yaani wavu wa chuma wa kuinulia moto. Huwaka vizuri juu ya jiwe tupu.

Maskini wa mwisho hawakuwa hata na dohani. Sensa ya 1841 iligawa nyumba madaraja manne, na la nne, vibanda vya udongo vya chumba kimoja, lilikuwa na nyumba 491,278. Mwaka 1851 zilibaki 135,589. Wako wanaoyaita hayo maendeleo. Katikati hapo ilipita Njaa Kuu, na wenye vibanda wengi walikufa au walihama.

SWALI: Na matajiri wa Dublin, nao walichoma mboji?

JIBU: Hasa makaa ya mawe kutoka Uingereza. Yalimiminwa kwenye tundu la duara lenye kifuniko cha chuma, kando ya barabara, yakaangukia stoo iliyo chini yake. Makaa haya hutaka hewa itokayo chini, ndiyo maana kila chumba kilikuwa na chanja. Mtumishi alipandisha ndoo ngazi hadi ngazi na kushusha majivu.

Nyumba hizo baadaye zilipangishwa chumba kimoja kimoja. Namba 14 Henrietta Street, iliyojengwa karne ya 18 kwa ajili ya familia moja, ilikuwa na watu 100 kwenye sensa ya 1911. Familia zilipika kwenye meko ya sebule, yaliyowekwa kupasha joto wageni wala si kubeba sufuria.