Mlango wa WhatsApp kwa madevelopa

SWALI: Habari zenu wahariri, mi kijana wa Moshi najifunza kuandika programu, wazee wa ushirika wetu wa kahawa huku Kibosho wanataka wawe wanapata bei kwa WhatsApp, je Meta, wenye WhatsApp, wanaruhusu mtu mdogo kama mimi au mpaka nipitie kampuni ya kati?

JIBU: Wanaruhusu mdogo wangu, tangu Mei 2022 walifungua Cloud API, yaani njia ya programu kutuma na kupokea ujumbe wa WhatsApp, kwa biashara zote, programu yako inaongea na seva zao moja kwa moja. Ila mzee akikuandikia una masaa 24 ya kumjibu utakavyo, yakipita unatuma tu ujumbe wa muundo maalum (template) ambao Meta wameshakupitishia, so wazoeze wazee waanze wao kuandika neno "bei" asubuhi, itakusaidia sana.

Halafu usiwategemee Meta tu, mlango uliofunguliwa na kampuni unaweza kufungwa. Google Talk, huduma ya kuchati ya Google, ilipoanza 2005 ilitumia XMPP, lugha ya kuchati iliyo wazi kwa kila mtu, 2006 wakaruhusu hadi seva za wengine ziunganishwe, aisee tulifurahi mno, halafu 2013 Google wakaleta Hangouts badala yake na kuunganisha seva za wengine kukaachwa. Namba za wazee tunza mwenyewe, na SMS iwe tayari pembeni.